Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa ndege wa maji wa Kigoma

Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa ndege wa maji wa Kigoma ni badiliko linaloonekana au linalotarajiwa katika uzazi wa ndege wanaotaga kwenye ardhi oevu za magharibi mwa Tanzania. Ardhi hizo ni pamoja na ufuko wa Ziwa Tanganyika, milango ya mito Luiche na Malagarasi, na vinamasi vikubwa vya Malagarasi na Muyovozi vilivyo bara zaidi. Athari kuu hutokana na kimo cha maji. Ndege wengi wa maji hujenga matago yao sentimita chache tu juu ya maji, na huchagua majira ya kutaga kwa kufuata kupanda na kushuka kwa maji hayo. Maji yakipanda wakati usio wake, mayai huzama. Yakikauka mapema, matago hufikiwa na moto, ng'ombe, wanyama walao nyama na watu.

Athari ya pili haionekani kwa macho. Joto la ziwa lenyewe limeongezeka, na jambo hilo hupunguza chakula cha samaki wadogo ambao ndege na watu wa Kigoma huwategemea kwa pamoja.

Ardhi oevu zenyewe

Ziwa Tanganyika lina eneo la takriban kilometa za mraba 32,900 na kina cha mita 1,470 hivi mahali palipo na kina kirefu zaidi. Ni ziwa la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal huko Urusi. Kwa sababu limo katika Bonde la Ufa, kingo zake nyingi ni za miamba na miteremko mikali. Mahali tambarare panapofaa kwa matete, mafunjo na fukwe za mchanga ni pachache, hasa pale mito inapoingia. Kwa upande wa Tanzania sehemu zinazojulikana zaidi ni mlango wa mto Luiche, kusini tu mwa Ujiji, na delta ya mto Malagarasi karibu na Ilagala. Upande wa Burundi iko delta ya Rusizi, ambayo ni hifadhi ya taifa na imo katika orodha ya Ramsar.

Uchache huo ni muhimu sana katika mada hii. Ndege anayehitaji kinamasi hawezi kuhamia kwenye ukingo wa miamba ya Gombe au ya Mahale ati kwa sababu upo ziwani. Delta moja ikiharibika, inayofuata huenda iko kilometa nyingi mbali.

Vinamasi vya Malagarasi na Muyovozi viko juu ya uwanda wa bara, mita mia kadhaa juu kuliko ziwa. Vimo ndani ya mikoa ya Kigoma, Tabora na mingine ya jirani. Maji ya mito Malagarasi, Muyovozi, Kigosi, Gombe na Ugalla hukutana huko na kutandaa kwenye tambarare, kisha hutoka polepole kupitia Uvinza hadi ziwani. Ndani yake yamo maziwa madogo ya Sagara na Nyamagoma. Mwaka 2000 eneo lote la hekta 3,250,000 liliorodheshwa kuwa eneo la kwanza la Ramsar nchini Tanzania. Mkataba wa Ramsar, uliotiwa sahihi mwaka 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran, unahusu ulinzi wa ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Sehemu ya kudumu ya kinamasi, yaani ile yenye mafunjo na maji mwaka mzima, ni ndogo ukilinganisha na tambarare zinazofurika na kukauka. Kwa hiyo ukubwa wa ardhi oevu hiyo si kitu kimoja kisichobadilika. Hupanuka mwezi wa Aprili na kusinyaa mwezi wa Oktoba, na uzazi wa ndege umefungamana na mwendo huo.

Majira ya mvua na majira ya kutaga

Kigoma ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Oktoba na Novemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Miezi ya Juni hadi Septemba ni kiangazi. Ziwa hufuata nyuma kidogo: kimo chake huwa juu kabisa karibu na mwezi wa Mei na chini kabisa karibu na mwisho wa kiangazi, tofauti ikiwa chini ya mita moja katika mwaka wa kawaida.

Kwa namna wanavyoutumia mwendo huo wa maji, ndege wa maji wa eneo hili wanaweza kugawanywa katika makundi mawili, ingawa mpaka kati yao si mkali.

Kundi la kwanza hutaga maji yakiwa mengi au yanapopanda. Humo wamo yangeyange, koikoi, mnandi, mbizi na domomwiko, ambao mara nyingi hujenga kwa makoloni juu ya miti au matete yaliyozungukwa na maji. Maji chini ya mti ndiyo ngome yao, kwa kuwa nyani, kenge na wezi wengine wa mayai hawafiki kwa urahisi. Mafuriko pia huleta samaki wachanga na vyura kwa wingi, chakula ambacho makinda wanaweza kukimeza. Mvua zikichelewa, makoloni haya huchelewa kuanza. Maji yakiondoka kabla makinda hawajaota manyoya ya kurukia, ngome inavunjika, na wazazi huweza kuyaacha matago.

Kundi la pili husubiri maji yapungue. Humo wamo korongo-nyangumi, korongo mkubwa mwenye vitambaa vya ngozi vinavyoning'inia kidevuni (Bugeranus carunculatus), panje na ndege wengine wanaotaga juu ya mchanga mtupu. Kundi hili ndilo lililo katika hatari kubwa zaidi ya mafuriko yasiyo ya wakati wake.

Korongo-nyangumi

Korongo-nyangumi (Balaeniceps rex) ndiye ndege mashuhuri kuliko wote wa vinamasi vya Malagarasi. Ana urefu wa zaidi ya mita moja, rangi ya kijivu, na domo pana mfano wa kiatu cha mbao ambalo hulitumia kukamata kamongo, kambare na perege. Husimama kimya kwa muda mrefu kando ya njia ya maji, kisha hujitupa mbele kwa mwili wote. Idadi ya ndege wazima duniani inakadiriwa kuwa kati ya 3,300 na 5,300, wengi wao wakiwa Sudan Kusini. Tanzania iko karibu na ncha ya kusini ya maeneo yake. Baada ya hapo hupatikana katika vinamasi vya Bangweulu nchini Zambia. Shirika la IUCN limemweka katika daraja la spishi zilizo hatarini kudhurika.

Jike hutaga mayai mawili kwa kawaida, juu ya tago la majani lililolazwa kwenye mimea inayoelea, msimu wa mvua unapokwisha na maji kuanza kupungua. Mayai huatamiwa kwa siku 30 hivi. Kinda hukaa tagoni au karibu yake siku nyingine 100 hivi kabla ya kuweza kuruka. Hata kama mayai mawili yanaanguliwa, kwa kawaida kinda mmoja tu ndiye anayepona, kwa sababu mkubwa humnyang'anya mdogo chakula na kumshambulia.

Hesabu rahisi inaonyesha tatizo. Yai likitagwa tarehe 1 Juni, kinda ataruka mnamo tarehe 9 Oktoba, kabla au mwanzoni kabisa mwa mvua mpya. Lakini kama mafuriko ya masika yamechelewa kuondoka na yai likatagwa tarehe 1 Agosti, kinda ataruka karibu na tarehe 9 Desemba, mvua zikiwa zimekwisha kushika kasi. Ndege huyu hana nafasi ya kuharakisha. Siku 130 ni siku 130, na kiangazi cha Kigoma hakizidi miezi mitano kwa wingi. Mwaka wenye mvua ndefu unapofuatwa na mwaka wenye mvua za mapema, kipindi cha kulea kinabanwa pande zote mbili.

Tago lililo juu ya mimea inayoelea hupanda kidogo pamoja na maji, na kwa sababu hiyo korongo-nyangumi anavumilia mafuriko ya polepole kuliko ndege wa mchangani. Kisichovumilika ni maji yanayopanda ghafla na kukata vipande vya mafunjo, au kukauka kabisa. Kinamasi kinapokauka mapema, kamongo hujifukia matopeni, mimea huwaka moto kwa urahisi, na wachungaji na wavuvi hufika mahali ambapo mwaka wa kawaida hapafikiki. Katika karne iliyopita na mwanzoni mwa karne hii ndege hawa walikamatwa pia kwa ajili ya kuuzwa nje kwenye bustani za wanyama. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi.

Joto lenyewe pia linamgusa. Wakati wa jua kali mzazi hubeba maji kwa domo na kuyamwaga juu ya mayai au makinda ili kuyapoza. Kadiri siku za joto zinavyoongezeka ndivyo mzazi anavyolazimika kuondoka na kurudi mara nyingi zaidi, na maji yakiwa mbali kila safari huacha tago wazi kwa muda mrefu zaidi.

Ndege wa mchangani

Panje (Rynchops flavirostris) hutambulikana mara moja kwa domo lake jekundu ambalo sehemu ya chini ni ndefu kuliko ya juu. Huruka chini sana akikata uso wa maji kwa sehemu hiyo ndefu hadi imguse samaki. Hujulikana katika delta ya Rusizi na kwenye mito mikubwa ya Afrika. Tago lake ni kishimo tu katika kisiwa cha mchanga kinachojitokeza mto unaposhuka. Mayai huatamiwa wiki tatu hivi na makinda huhitaji zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuruka. Kipindi hicho cha miezi miwili ni kifupi kuliko cha korongo-nyangumi, lakini hatari ya kila siku ni kubwa zaidi, kwa kuwa kisiwa cha mchanga huweza kuzidi maji kwa upana wa kiganja tu. Mvua moja kubwa juu ya mto, hata ikinyesha mbali sana na delta, hutosha kukifunika. Upande wa joto, panje hulowesha manyoya ya tumbo na kurudi kuyaatamia mayai yakiwa majimaji. Mchanga mtupu wa saa saba mchana hauna huruma.

Mdiria madoadoa (Ceryle rudis) hutaga ndani ya tundu analochimba kwenye ukingo wa udongo au mchanga. Kingo za namna hiyo kati ya Kibirizi, Ujiji na Ilagala hubomolewa na mawimbi ziwa linapopanda. Ndege huyu ana bahati moja: anaweza kuwinda mbali na ufuko. Katika Ziwa Kariba, ambamo lumbu (Limnothrissa miodon) kutoka Ziwa Tanganyika walipandikizwa mwaka 1967 na 1968, midiria walijifunza kuwafuata samaki hao mbali na nchi kavu. Kwa hiyo anayemnyima mdiria uzazi ufukoni si uhaba wa samaki peke yake, bali ukingo wa kuchimba.

Wanaoelea ni hadithi nyingine. Sile-maua hutaga juu ya majani ya mayungiyungi na mimea mingine ya juu ya maji. Dume ndiye anayeatamia, na makinda wakitishwa huwabeba chini ya mabawa yake, miguu yao mirefu ikining'inia. Kibisi naye hujenga chelezo cha majani. Hawa wawili hunufaika mara nyingi maji yanapotanda kwenye mashamba na majaruba, ilmradi yasipande kwa kishindo.

Kupanda na kushuka kwa Ziwa Tanganyika

Ni kosa kudhani kwamba kimo cha ziwa kilikuwa thabiti hadi mabadiliko ya tabianchi yalipoanza. Historia ya Ujiji ni ushahidi mzuri wa kinyume chake. Richard Burton na John Speke walifika mji huo mwaka 1858, na Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone hapo mwaka 1871. Wakati huo ziwa lilikuwa likipanda, kwa sababu mto Lukuga, njia pekee ya maji kutoka ziwani kuelekea mto Kongo, ulikuwa umezibwa na udongo na mimea. Verney Lovett Cameron aliuona mlango wa Lukuga mwaka 1874. Karibu na mwaka 1878 kizuizi kilivunjika, na katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kwa takriban mita 10. Ndiyo maana mahali pa ukumbusho wa Livingstone huko Ujiji pako nchi kavu, mbali na maji, jambo linalowashangaza wageni wanaotarajia kuona ufuko.

Baadaye ziwa lilipanda tena kwa haraka baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 na miaka iliyofuata, likafikia kilele mwaka 1964. Mvua hizo ziliikumba Afrika Mashariki yote. Ziwa Viktoria nalo lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Chanzo kilikuwa hali ya Bahari ya Hindi, ambapo maji ya upande wa Afrika huwa na joto kuliko kawaida na ya upande wa Indonesia huwa baridi. Hali ya namna hiyo ilitokea tena kwa nguvu mwaka 2019, na tena mwishoni mwa 2023 ikiambatana na El Niño.

Mwanzoni mwa karne ya 21 malalamiko Kigoma yalikuwa juu ya kupungua kwa maji, hata shughuli za bandari zikawa ngumu. Kuanzia 2020 malalamiko yakageuka. Ziwa lilipanda na kufunika sehemu za fukwe, nyumba na barabara Kigoma, Bujumbura, Uvira na Kalemie, na mwaka 2024 kimo chake kilikaribia kile cha 1964.

Kwa nini ziwa kubwa hivyo hubadilika sana? Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayopotea ziwani huondoka kwa mvuke, si kwa mto Lukuga. Mvua na mito ikizidi mvuke kwa miaka michache mfululizo, ziada hubaki na kujilimbikiza. Kinamasi cha Muyovozi husahau mafuriko ya mwaka huu ifikapo Oktoba, lakini ziwa huyakumbuka kwa miaka kadhaa. Delta ya Malagarasi imo katikati: mto huleta kumbukumbu fupi, ziwa huleta ndefu. Ziwa likiwa juu, maji ya mto hurudi nyuma na delta haikauki hata kiangazi, kwa hiyo visiwa vya mchanga havijitokezi kabisa.

Mafuriko ya 2024 peke yake, basi, si ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi. Yale ya 1964 yalikuwa makubwa vilevile. Hoja ya wanasayansi ni nyingine. Hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, na Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi katika ripoti yake ya 2021 linatarajia mvua kubwa za ghafla kuongezeka katika Afrika Mashariki. Mwaka mbaya uliokuwa ukija mara moja katika kizazi cha binadamu unaweza kuja mara nyingi zaidi. Korongo-nyangumi anaishi miaka mingi na anaweza kupoteza mwaka mmoja wa uzazi bila madhara ya kudumu. Asichoweza kukimudu ni kupoteza miaka mitatu kati ya mitano, kwa kuwa hata mwaka mwema jozi moja hulea kinda mmoja tu.

Joto la ziwa na chakula

Maji ya Ziwa Tanganyika yamejipanga kwa tabaka. Ya juu yana joto na oksijeni, ya chini ni baridi zaidi na hayana oksijeni kabisa, ingawa yana virutubisho vingi vilivyozama. Mpaka wa oksijeni uko takriban mita 100 chini upande wa kaskazini na karibu mita 200 kusini. Kila mwaka upepo wa kusi, unaovuma kati ya Mei na Septemba, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini na kuyavuta ya chini yapande kusini. Hapo virutubisho hufika kwenye mwanga, mwani huongezeka, na baada yake dagaa na migebuka.

Maji ya juu yakipata joto zaidi huwa mepesi zaidi, na upepo uleule hauwezi tena kuyachanganya na ya chini kama zamani. Mwaka 2003 tafiti mbili, moja ikiongozwa na Catherine O'Reilly na nyingine na Piet Verburg, zilionyesha kwamba hilo lilikuwa limekwisha kutokea katika karne ya 20. O'Reilly na wenzake walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulipungua kwa takriban asilimia 20, jambo linaloashiria upungufu wa samaki wa karibu asilimia 30. Jessica Tierney na wenzake, wakichunguza matope ya sakafu ya ziwa, walieleza mwaka 2010 kwamba joto la uso wa ziwa lilikuwa limezidi lolote la miaka 1,500 iliyopita. Mwaka 2016 kundi la Andrew Cohen liliongeza kwamba sehemu ya sakafu yenye oksijeni ilikuwa imepungua kwa asilimia 38 katika maeneo waliyoyachunguza tangu 1946.

Kwa mnandi, kwazi na mdiria maana yake ni kwamba chakula cha makinda kinazidi kuwa haba hata mahali ambapo tago liko salama. Samaki ziwani huvuliwa pia na watu. Wavuvi wa Kibirizi, Katonga na Ujiji hutoka usiku na taa kuvutia dagaa, na mavuno yanapopungua juhudi huongezeka. Nchi nne zinazopakana na ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa pamoja mwaka 2003, na kutoka humo ikaanzishwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hatua hiyo ilikusudiwa samaki, siyo ndege. Hata hivyo miezi hiyo mitatu huangukia kiangazi, wakati wanaotaga kwenye mchanga wanapohitaji utulivu wa ufuko. Kwa familia za wavuvi ilikuwa miezi ya shida, na ni haki kulitaja hilo pia.

Kinamasi kisicho na pa kwenda

Katika nchi za kaskazini tatizo kama hili limechunguzwa kwa muda mrefu kwenye Bahari ya Wadden, ufuko wa Uholanzi, Ujerumani na Denmark. Huko ndege wanaotaga kwenye majani ya ufukoni hupoteza matago kwa mafuriko ya kiangazi yanayozidi kutokea, na nyuma yao kuna maboma ya kuzuia bahari, hivyo majani hayawezi kuhamia bara.

Ujiji hakuna maboma, ila kuna nyumba, mashamba na mpunga. Mlango wa Luiche unalimwa kwa sababu ileile inayowavutia ndege: udongo wa rutuba na maji karibu. Ziwa linapopanda, mafunjo yangeweza kusogea bara polepole kama yalivyofanya zamani. Sasa yakisogea yanakutana na shamba la mtu, na mwenye shamba, ambaye naye amepoteza ekari zake za chini kwa maji hayohayo, huyakata. Hapa ndipo ndege na wakulima wanapobanwa na jambo moja, na lawama ya kwamba watu wa Luiche ni waharibifu haina uzito mkubwa. Kule Malagarasi, mifugo inayohamishwa kutoka maeneo makavu zaidi huingia tambarare za mafuriko kiangazi, na moto huwashwa ili majani mapya yachipue. Katika mwaka wa ukame moto huo hupenya hadi kwenye mafunjo ambayo kwa kawaida yana maji ya kuyakinga.

Ulinzi na ufuatiliaji

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ufuko wa ziwa au ukingo wa mto. Kwenye ziwa linalopanda na kushuka, mita 60 hizo zinategemea zimepimwa mwaka gani. Zilizopimwa wakati maji yako chini, kama mwanzoni mwa miaka ya 2000, ziliweza kuzama zote kufikia 2024 mahali ufuko ulipo tambarare. Kipimo chenye maana zaidi kwa delta kingekuwa kile cha kimo cha juu cha maji kilichowahi kurekodiwa, kwa mfano cha 1964, ingawa hapo nyumba nyingi zingejikuta ndani ya mstari.

Ndani ya eneo la Ramsar ulinzi hutofautiana. Sehemu fulani zimo ndani ya mapori ya akiba, na Mto Ugalla ulipewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2019, lakini sehemu nyingine ni ardhi za vijiji. Kuwamo katika orodha ya Ramsar hakuondoi watu. Mkataba wenyewe unazungumzia matumizi ya busara.

Kuhusu kuwahesabu ndege, hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji, ambayo imekuwa ikiratibiwa duniani tangu 1967, hufanywa mwezi wa Januari. Mwezi huo unafaa kwa wageni kutoka Ulaya na Asia wanaokuja kukwepa baridi. Kwa Kigoma ni katikati ya mvua, wakati vinamasi havipitiki na korongo-nyangumi hayuko tagoni. Ndege wazima wakiishi miaka mingi, hesabu ya Januari inaweza kubaki ileile kwa muda mrefu huku makinda hawaongezeki, kama shule yenye walimu wengi na darasa la kwanza tupu. Kinachohitajika ni kuhesabu matago na makinda kati ya Juni na Oktoba, kwa mtumbwi au kutoka angani, pamoja na kuandika kimo cha maji cha siku hiyo. Wavuvi wa Sagara na Nyamagoma wapo majini miezi hiyo yote na hujua matago yalipo.

Kimo cha ziwa chenyewe hupimwa bandarini Kigoma na pia kwa satelaiti.